Kuni Kavu: Kipimo Kinasema Nini?

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Mpishi wa shule ya bweni aamkaye saa kumi alfajiri kukoleza jiko la uji anajua kuwa msemo huo una upungufu wake. Mara nyingi moshi umejaa jikoni, machozi yanamtiririka, na sufuria ingali baridi. Kuni zilizoletwa jana zilionekana kavu: magome yalikuwa yamebanduka na ncha zilikuwa na nyufa. Kilichofichika ni maji yaliyobaki ndani.

Mti uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji yafikiayo nusu ya uzito wake wote. Tani moja ya kuni za namna hiyo ina kilo 500 za mti wenyewe na kilo 500 za maji. Zikikauka hadi maji yawe asilimia 20 ya uzito wake, zitabaki kilo 625. Shule iliyonunua kuni hizo kwa mizani zikiwa mbichi imelipia kilo 375 za maji yasiyopika kitu.

Hasara haikomi hapo. Kilo moja ya mti mkavu kabisa hutoa joto la kiasi cha megajuli 18, na kilo moja ya maji huhitaji kama megajuli 2.6 ili ichemke na kugeuka mvuke. Katika tani ile, basi, karibu sehemu moja kati ya saba ya joto lote hutumika kuyafukuza maji. Tena, maji hayo huupoza moto. Mti upatapo joto hutoa gesi, nazo gesi hizo ndizo ziwakazo kwa mwali. Moto ukiwa hafifu, sehemu ya gesi hizo hupaa bila kuungua. Moshi, kwa hakika, ni nishati iliyotoroka, ikifuatana na chembe laini na gesi yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, utokanao na nishati za kupikia kama kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kifaa na kazi yake

Nchini Uingereza, katika eneo la England, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2021 inataka kuni ziuzwazo kwa kiasi cha chini ya meta 2 za ujazo ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Unyevu huo huweza kukaguliwa kwa kifaa kidogo cha mkononi chenye sindano mbili, yaani kipimaunyevu. Sindano huchomekwa katika mti, na tarakimu huonekana papo hapo.

Kifaa hiki, hata hivyo, hakiyaoni maji. Kinachopimwa ni ukinzani wa umeme baina ya sindano mbili. Mti mkavu karibu haupitishi umeme. Unyevu ukiongezeka, ukinzani hushuka upesi. Kati ya unyevu wa asilimia 7 na asilimia 25, ukinzani huweza kubadilika zaidi ya mara elfu kumi. Kifaa huugeuza ukinzani huo kuwa asilimia.

Mahali pa kupima ni jambo la kwanza. Gogo hukauka kutoka nje kuelekea ndani. Sindano zikichomekwa juu ya gome au kwenye ncha, kuni mbichi zitasifiwa kuwa kavu. Na kuni kavu zilizonyeshewa usiku zitalaumiwa bure. Hapana budi gogo lipasuliwe kwa shoka, na sindano zichomekwe katikati ya uso mpya.

Pili, kipimo kina mpaka. Unyevu ukizidi kiasi cha asilimia 30 ya uzito mkavu, kuta za seli za mti huwa zimeshiba, na maji ya ziada hukaa katika nafasi za ndani ya seli. Maji hayo hayabadilishi sana ukinzani. Kwa hiyo kifaa kikionyesha asilimia 40, lililo hakika ni kwamba kuni ni mbichi. Tarakimu yenyewe haitegemeki. Kadhalika, aina ya mti na joto lake huathiri jibu.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kifaa hiki yaweza kupata jibu lililo sahihi zaidi kwa mizani na tanuri la maabara. Kipande kidogo kitokacho katikati ya gogo hupimwa uzito, kisha hukaushwa katika joto la nyuzi 103 hadi 105 za Selsiasi, na kupimwa tena na tena mpaka uzito usipungue. Kikianza na gramu 60 na kuishia gramu 48, maji yalikuwa gramu 12. Hizo ni asilimia 20 ya uzito wa awali, lakini ni asilimia 25 ya uzito mkavu. Wanafunzi hawana budi kutaja daima ni uzito upi uliotumiwa, kwa kuwa vipimaunyevu vingi huhesabu kwa uzito mkavu.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati unaolenga kuwa asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mahali ambapo kuni zingali zikitumika, yafaa zipasuliwe mapema, zipangwe juu ya magogo ya kuziinua kutoka ardhini, zifunikwe juu na kuachwa wazi pembeni ili upepo upite. Vipande vichache vilivyotiwa alama vipimwe kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kushuka, kuni zimefikia ukavu ambao hewa ya mahali pale inauruhusu. Tanga utakuwa pungufu kuliko Dodoma wakati wa kiangazi.

Mpishi mzoefu hugonga vipande viwili na kusikiliza: kuni kavu hutoa mlio mkali, mbichi hutoa mlio mzito. Sikio lake halidanganyi sana. Ila mlio hauwezi kuandikwa katika hati ya manunuzi. Asilimia yaweza, na ni vema iandikwe kabla lori halijashusha mzigo.