Batri ndogo, kazi ya miaka: redio zinazolinda vifaru kwa kunyamaza

Simu ikizimika, mwenye nayo anatafuta pa kuichaji. Kwa kifaru si hivyo. Ili kubadilisha batri ya kifaa anachovaa, ni lazima apigwe kwanza sindano ya usingizi, mara nyingi kutoka helikopta, na kila sindano ni hatari kwa mnyama. Ndiyo maana batri hiyo inapaswa kudumu miaka, si siku.

Jambo hili linaigusa Kongo. Katika mbuga ya Garamba, jimboni Haut-Uele, wawindaji haramu waliwamaliza vifaru weupe wa kaskazini. Juni 2023, vifaru weupe 16 wa kusini waliletwa huko kutoka Afrika Kusini. Kuwalinda kunaomba kujua walipo, katika eneo kubwa ambako umeme na mtandao wa simu ni haba.

Katika nchi jirani ya Rwanda, mbuga ya Akagera ilipokea vifaru weusi 18 mwaka 2017. Mwaka huohuo iliwekewa mtandao wa redio unaoitwa LoRaWAN, kwa ajili ya kufuatilia vifaa na watu ndani ya mbuga. Akagera na Garamba zote zinasimamiwa na shirika la African Parks pamoja na serikali za nchi hizo.

Teknolojia ya LoRa ilianzia Grenoble, Ufaransa, katika kampuni ndogo ya Cycleo, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Kifaa chake kinaweza kutuma ujumbe kwa nguvu ya miliwati 25 tu, wakati simu ya 4G inaweza kufikia miliwati 200. Hata hivyo, mwaka 2017, ujumbe uliotumwa kwa miliwati 25 kutoka puto lililokuwa juu sana angani ulinaswa umbali wa kilomita 702. Ardhini, milima na miti hupunguza umbali huo sana.

Siri ya kwanza ni usingizi. Karibu muda wote kifaa kimelala. Kinaamka, kinatuma maneno machache kama vile mahali kilipo na hali ya batri, kinasikiliza kidogo kama kuna jibu, kisha kinalala tena. Hakitumi picha wala sauti. Ujumbe wenyewe umefichwa kwa namba za siri, ili jangili mwenye redio asiweze kuusoma.

Siri ya pili ni kusema polepole. Antena ikiwa karibu, ujumbe mfupi unapita kwa chini ya moja ya kumi ya sekunde. Ikiwa mbali, kifaa kinaurefusha hadi zaidi ya sekunde moja ili usikike, na batri inalipa gharama hiyo. Kwa hiyo kuongeza antena mlimani, yenye paneli ya jua, ni kuongeza pia maisha ya kila batri iliyo bondeni.

Kinachobaki ni uamuzi wa binadamu. GPS nayo inakula batri, mara nyingi kuliko redio yenyewe. Kifaru akiulizwa alipo kila dakika kumi, walinzi wanamwona vizuri, lakini batri inakwisha mapema. Akiulizwa mara mbili kwa siku, batri inadumu, ila jangili anapata saa nyingi za kufanya kazi yake bila kuonekana.