Sarafu 800 ni Shilingi Ngapi? Kilio cha Wapenzi wa Gemu Kuhusu Bei

Ingia kibanda chochote cha PS Jumamosi jioni, iwe Umoja, Githurai ama Kisauni, na utakuta mabishano ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mpira wenyewe: nani amefungwa, nani anafaa kuachia mwenzake pedi, nani amesaidiwa na mashine. Ya pili ndiyo yanatuhusu sisi tunaoshughulika na pesa zako kila siku: hizi gemu zinatuibia ama hazituibii?

Swali hilo hutufikia pia kwenye dawati la huduma, ila huwa limevaa nguo nyingine. "Nilitaka kitu cha elfu moja, mbona nimelipa 1,300?" Ama mzazi anapiga simu akiwa na hakika kwamba ametapeliwa, kumbe mtoto alikuwa akicheza kwa simu yake na anaijua PIN. Tukifuatilia, mara nyingi pesa hazijapotea njiani. Zimefika kabisa. Zimeingia ndani ya gemu, zikageuka sarafu za gemu, na huko zimekaa.

Kwa hivyo leo tuongee na wewe unayecheza, na wewe ambaye mtoto wako anacheza kwa simu yako.

Shilingi inapobadilishwa jina

Gemu nyingi za simu ni za bure kupakua. Fortnite ni ya bure. eFootball, ambayo wengi bado tunaiita PES, imekuwa ya bure tangu ilipobadilishwa jina mwaka wa 2021. Pesa hutoka kwa vitu vinavyouzwa ndani: mavazi, wachezaji, pasi ya msimu. Hatuna shida na hilo. Waliotengeneza gemu wana kodi ya nyumba kama wewe, na wapenzi wengi wa gemu watakwambia wazi kwamba hawakatai kulipa.

Wanachokataa ni kulipa bila kujua wamelipa ngapi. Ndani ya gemu huoni shilingi. Unaona sarafu, almasi ama pointi, kila gemu na jina lake, na lazima ununue pakiti ya sarafu kwanza ndipo sarafu zikununulie kitu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pakiti ya sarafu 500 ni shilingi 650, na hakuna pakiti ndogo zaidi. Jezi unayoitaka ni sarafu 800. Pakiti moja haitoshi, kwa hivyo unanunua mbili: shilingi 1,300. Unapata jezi, unabaki na sarafu 200. Ukigawanya, kila sarafu ni shilingi 1.30, kwa hivyo jezi yenyewe ni ya shilingi 1,040. Zile 260 zilizobaki ni zako kwa jina tu. Huwezi kuzitoa kwa wakala wala kumtumia mama Kakamega. Zinakungoja hapo kwenye kona ya skrini, na njia pekee ya kuzitumia ni kuongeza nyingine ili zifikie bei ya kitu kingine.

Je, pakiti zinapangwa hivyo makusudi? Wachezaji wamelalamika kuhusu jambo hili kwa miaka mingi, na sasa si wao peke yao. Machi 2025 mamlaka za kulinda wateja za Umoja wa Ulaya zilitoa kanuni kuhusu sarafu za ndani ya gemu. Walisema bei ionyeshwe pia kwa pesa halisi, na mchezaji asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Yaani ile 260.

Mambo haya si mapya. Mwaka wa 2006 wachezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion waliuziwa mavazi ya chuma ya farasi. Ya farasi! Kwenye Xbox bei ilikuwa pointi 200. Wakati huo dola moja ilikuwa pointi 80, kwa hivyo ilibidi mtu akokotoe kujua kwamba farasi wake amevishwa kwa dola mbili na nusu. Watu walicheka na kukasirika, lakini mavazi yalinunuliwa. Microsoft waliachana na pointi zao mwaka wa 2013 na kurudi kwa bei za pesa halisi, ila mtindo wenyewe ulikuwa umeshaenea kila mahali.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ni shabiki sugu wa gemu fulani ya mpira ya simu, ambayo hatutaitaja. Januari alichukua taarifa ya pochi yake ya mwaka mzima akaanza kupiga mstari kwenye kila malipo ya gemu. Kabla hajaanza, aliapa kwamba hajapita elfu tatu. Jumla ikawa 17,450. Hakukuwa na malipo hata moja yaliyozidi shilingi 650. Alinyamaza kidogo, kisha akatuomba tusimwambie mke wake, na mpaka leo hatujasema. Yeye ni mtu anayehesabu pesa za watu kazini kutwa nzima, kwa hivyo usijione mjinga ikikutokea.

Mbuzi kwenye gunia

Kuna kilio kikubwa kuliko cha sarafu: masanduku ya bahati. Unalipa, unafungua, ndipo unajua umepata nini. Ulikuwa ukitafuta mshambuliaji hatari, umepewa kipa wa tatu ambaye hata kwao hawamjui.

Kesi ambayo wapenzi wa gemu hawaisahau ni ya Star Wars Battlefront II, Novemba 2017. Hii haikuwa gemu ya bure. Ilikuwa ya dola 60, na bado ilikuwa na masanduku ya bahati yenye vitu vya kukuongezea nguvu dhidi ya wenzako mtandaoni. Wahusika kama Darth Vader na Luke Skywalker walikuwa wamefungiwa, na kila mmoja alihitaji alama 60,000. Wachezaji walikaa wakahesabu wakaona ni kama saa 40 za kucheza kwa mhusika mmoja. Hasira zilipanda mpaka kampuni ya EA ikashusha bei ya wahusika hao hadi alama 15,000, halafu, gemu ikiwa karibu kabisa kutoka rasmi, ikazima ununuzi wote wa pesa ndani yake. Ununuzi uliporudi mwaka uliofuata, ulikuwa wa mavazi na urembo tu.

Hapo ndipo wachezaji wengi wanapochora mstari, na sisi tunakubaliana nao. Ukiniuzia koti zuri, sawa, nitapendeza kisha bado utanifunga kama kawaida. Ukimuuzia mwenzangu mbio zaidi, basi tunashindana kwa mifuko.

Baada ya hapo serikali zikaingilia. Mwaka wa 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari chini ya sheria zao, na mapema mwaka wa 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Apple nao, tangu mwisho wa 2017, huwataka wanaouza masanduku hayo kwenye duka lao waonyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu. Kwa hivyo kabla ya kulipa, tafuta asilimia hizo ndani ya gemu. Huwa zipo, zimeandikwa kwa herufi ndogo. Ukiona asilimia 1, maana yake si kwamba ukifungua masanduku 100 lazima utapata. Unaweza kufungua 100 yote ukatoka mikono mitupu, na huo ni uwezekano wa zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu.

Kitufe kimoja

Muundo wa gemu ni pamoja na mahali kitufe cha kununua kimewekwa. Desemba 2022, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, wangelipa dola milioni 245 za kurudishia wateja. Tume ilisema vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia: mtu anabonyeza akitaka kuangalia tu vazi, ama kuiamsha gemu iliyokuwa imelala, kumbe ameshanunua. Watoto nao waliweza kununua bila mzazi kuombwa ruhusa. Na waliopeleka malalamiko kwa kampuni za kadi walijikuta akaunti zao zimefungiwa.

Kwa malipo ya simu hapa kwetu, PIN ndiyo mlango. Ombi likija kwenye skrini, soma jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kugusa chochote. Mtoto asijue PIN yako, hata kama ni yeye hukutumia pesa dukani. Na ukishaunganisha pochi au kadi na duka la programu, ingia kwenye mipangilio ya duka hilo uweke uthibitisho kwa kila ununuzi, kwa sababu kuna mipangilio inayouliza mara moja halafu inanyamaza.

Kucheza na wenzako, nako kuna bei

Kwa PS4 na PS5, kucheza gemu nyingi za kulipia na wengine mtandaoni kunahitaji PlayStation Plus, juu ya bei ya gemu na juu ya bando. Gemu za bure kama Fortnite hazihitaji. Wengi hununua bila kujua tofauti hiyo, halafu wanatulalamikia sisi.

Kuna jambo jingine linalowauma Wakenya hasa. Mei 2024 wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waliambiwa lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network ili waendelee kucheza gemu waliyokwisha kuilipia. Nchi nyingi hazina huduma hiyo rasmi, na Kenya ni mojawapo. Makelele yalikuwa makubwa, na baada ya siku chache Sony wakaacha mpango huo. Lakini kwa wenye PS hali ni ileile: watu hapa hufungua akaunti za Marekani ama Uingereza, kisha hununua kadi za zawadi kwa simu ili kuzijaza. Hapo kuwa makini sana. Kadi ya Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti ya Uingereza, na namba yake ikishafunuliwa, muuzaji hatairudisha. Uliza nchi ya kadi kabla ya kutuma pesa.

Wapo pia wanaouza almasi na sarafu kwa bei ya kutupa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukimtumia mtu kwa namba yake binafsi, mbele yetu hayo ni malipo ya mtu kwa mtu, na akishatoa pesa hakuna cha kurudisha. Hata akikuletea sarafu, zikigunduliwa kwamba zilinunuliwa kwa kadi ya wizi, gemu inaweza kuziondoa na kuifungia akaunti yako.

Si kila habari ni mbaya. It Takes Two ya mwaka wa 2021 huchezwa na watu wawili, na mmoja akinunua, mwenzake anaingia bure. Ndiyo iliyochaguliwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Ukitaka kujua wachezaji wanapenda kulipishwa vipi, angalia hapo.

Ukishalipa na umejuta

Usikimbilie kuomba turudishe muamala. Malipo yaliyokwenda kwa duka la programu hurudishwa na duka lenyewe, na ombi linaanzia huko. Google Play wanapendelea uombe ndani ya saa 48 tangu ununue. Steam wanakubali ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Sarafu ambazo umeshazitumia ni vigumu kurudishiwa, kwa hivyo ukigundua mtoto amenunua, mnyang'anye simu kwanza kabla hajazimaliza.

Weka tayari ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, tarehe na kiasi. Kama pesa zimekatwa lakini sarafu hazikuingia kabisa, hilo ni jambo jingine: tupigie ama tuandikie ndani ya programu yetu, ututumie namba hiyo, tutakuonyesha pesa zilifika wapi na saa ngapi. Ile taarifa ya mwaka mzima pia inapatikana ndani ya programu, sehemu ya miamala. Andika jina la duka kwenye kisanduku cha kutafuta, na orodha ya malipo yako ya gemu itatokea yenyewe.