Barafu Hatuna, Lakini Maji Tunayo: Vile Utaendesha Gari Garissa Mvua Ikishika na Urudi Home Mzima

Ushacheki zile vidio cuzo zetu wa Minneapolis hutuma ikifika Desemba? Ndai imepaki poa kwa mteremko, mara inaanza kuteleza yenyewe, mdogo mdogo, kama imeitwa na mtu. Dere amekanyaga breki mpaka mwisho na haisaidii kitu. Sisi huku Iftin na jua limetupiga mpaka lami inanata kwa ndala, tunacheka. Barafu yetu ni ile ya kuuziwa dukani ikiwa kwa karatasi.

Sasa ngoja deyr ianze. Ngoja Tana ifure. Hapo ndio utajua wewe na cuzo mko na shida moja: tairi imeachana na barabara. Na tofauti ni kwamba yeye alifunzwa vile ataendesha kwa barafu. Sisi hakuna mtu hutufunza kuendesha kwa maji. Tunajifunza siku ile ile, na gari imejaa watu.

Tufunzane leo, kabla mawingu hayajakuja.

Mvua ya kwanza ndio noma zaidi

Watu huogopa mvua kubwa. Ogopa pia ile ya dakika kumi za kwanza baada ya kiangazi kirefu. Miezi yote hiyo lami imekuwa ikimeza oili, dizeli, vumbi na raba ya matairi. Tone za kwanza zinachanganya hiyo vitu zote zinakuwa kama sabuni. Kama uko na boda ama tuktuk, hapo ndio unapatikana ukipiga kona vile umezoea.

Mvua ikizidi, shida inabadilika. Tairi inagusa barabara na sehemu ndogo sana, kama ukubwa wa kiganja chako. Viganja vinne tu ndio vinashika gari yote. Ile mifereji ya tairi kazi yake ni kusukuma maji pembeni ili kiganja kiguse lami. Ukiwa kasi sana, ama tairi imeisha imekuwa kipara, maji hayapati nafasi ya kutoka. Gari inapanda juu yake na kuanza kuelea. Utajuaje? Stelingi inakuwa nyepesi ghafla, kama imekatika.

Ikifika hapo, usikanyage breki kwa nguvu na usizungushe stelingi. Toa mguu kwa mafuta, shika stelingi ikiwa imenyooka, ngoja kasi ishuke mpaka usikie tairi zimeshika tena. Cuzo wa Minneapolis angekuambia hivyo hivyo.

Jua linawaka Iftin, na mafuriko yako njiani

Hii ndio inatumaliza. Mtu anaangalia juu, anaona anga safi, anasema leo ni fiti. Lakini maji ya Tana hayatoki huku. Yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapita mabwawa ya Seven Forks, kuanzia Masinga mpaka Kiambere. Masinga ikijaa inamwaga, na yale maji yanashuka kwetu. Mvua inanyesha Nyeri, siku kadhaa baadaye wewe ndio unatafuta boti Madogo. Ukisikia KenGen wametangaza Masinga imejaa, hiyo ni habari yako, hata kama hujaona wingu wiki mbili.

Laga nayo haina hata hizo siku kadhaa. Ukienda pande za Wajir na Mandera, unapata laga imekauka mpaka mbuzi wanalala ndani. Mvua inapiga mbali huko juu, na maji yanakuja kama ukuta, na matope na miti. Kwa hivyo usiwahi kupaki ndani ya laga, hata kama ni kubadilisha tairi ama kunywa chai. Ukisikia ngurumo na hakuna mvua, hepa upande juu.

Na hii si stori za wazee wa El Niño ya 1997. Novemba 2023 barabara ya Nairobi ilikatika hapo Mororo na Madogo, watu wakavuka na boti. Aprili 9, 2024, basi la abiria 51 lilinaswa na mafuriko Tula, kaunti ya Tana River. Hao walibahatika, wote waliokolewa. Mwisho wa mwezi huo huo, boti ilipinduka Mororo na kuna wenye hawakurudi.

Hesabu yenye dere wengi hawajui

"Maji ni kidogo, inafika magoti tu." Umeshaisikia hiyo? Haya, tupige hesabu.

Maji ya mita moja mraba, yenye kina cha mita moja, ni kilo 1,000. Chukua gari ndogo kama Vitz. Ina uzito wa karibu tani moja, na upana na urefu wake zinafunika kama mita 6 mraba. Maji yakipita sakafu ya gari kwa sentimita 15 tu, yanaisukuma juu na nguvu ya karibu kilo 900. Gari ya kilo 1,000 sasa inakanyaga barabara kama ina kilo 100. Hapo hata mtoto anaweza kuisukuma. Je, mto?

Kwa hivyo shika hizi namba tatu:

- Sentimita 15 za maji yenye kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na gari ndogo inaanza kukukataa.
- Sentimita 30 zinaweza kubeba gari nyingi ndogo.
- Sentimita 60 zinaweza kubeba hata zile gari kubwa za juu, pamoja na pikapu.

Hiyo Land Cruiser ya mzae inakupea kiburi, haikupei nanga. Tuktuk usiulize: ni nyepesi na ina tairi tatu.

Na hiyo ni kama barabara bado iko huko chini. Maji ya Tana ni ya rangi ya chai ya maziwa, huoni kitu. Lami inaweza kuwa imebebwa usiku, na wewe unaingia kwa shimo.

Maji ya kupita na maji ya kuachana nayo

Maji yakiwa yanatembea, usiingie. Hakuna ujanja hapo. Usiku pia usiingie, hata yakiwa yametulia.

Yakiwa yametulia, ni kidogo, na unaijua hiyo barabara, fanya hivi:

1. Simama kwanza. Angalia gari zingine zikipita, maji yanafika wapi kwa tairi. Yakipita katikati ya tairi ya gari ndogo, geuza.
2. Ingia na gia ya kwanza, pole pole, mafuta yakiwa sawa bila kuachilia. Usibadilishe gia katikati na usisimame.
3. Pita katikati ya barabara, ndio mahali pa juu zaidi.
4. Pitia peke yako. Gari ya mbele ikikwama na wewe uko nyuma yake, mmekwama wawili.
5. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa ukienda taratibu. Breki zenye maji hazishiki.

Injini ikizima katikati

Usiwashe tena. Najua mkono utakuwa unawasha wenyewe, lakini wacha. Injini hubana hewa, maji hayabaniki. Yakiwa yameingia ndani na wewe uwashe, vyuma vinapinda, na injini yenye ingekaushwa inakuwa ya kununuliwa upya.

Gari ikianza kuelea ama maji yakiingia ndani, sahau simu, sahau mzigo. Fungua mshipi. Shusha dirisha saa hiyo hiyo, kabla umeme wa gari haujakufa. Mlango usipigane nao, maji ya nje yanausukuma na nguvu kukushinda. Toa watoto kwanza kwa dirisha, halafu nyinyi, mpande juu ya gari kama maji yana kasi. Dirisha ikikataa, vunja ya pembeni, kwa kona. Kioo cha mbele hakitavunjika, usipoteze muda nacho. Nambari ya dharura ya Red Cross ni 1199, haikuli krediti. Isevu sasa, si wakati maji yako kwa kiti.

Presha ndio huua

Sasa tuongee ukweli. Dere wengi hawaingii kwa maji juu hawajui. Wanaingia juu mwenye gari anataka hesabu jioni, miraa inakauka, na huko nyuma kuna abiria wanapiga kelele, "Dere, si wenzako wamepita?"

Desemba 4, 2021, huko Mwingi, kuna basi ilikuwa imebeba wanakwaya wakienda harusi. Walifika Mto Enziu ukiwa umefurika juu ya daraja. Basi ikaingia. Watu zaidi ya 30 walikufa, na kando ya mto kulikuwa na umati umesimama ukiangalia. Ile harusi ingengoja saa mbili. Ingengoja hata siku mbili.

Unakumbuka zile stika za "Zusha!" kwa mathree? Zilikuwa za kukuambia abiria ana mdomo. Utumie. Dere akitaka kuingia, sema, "Dere, mimi nishukishe hapa." Mmoja akishuka, wa pili anashuka, na dere mwenyewe anapata sababu ya kumwambia mwenye gari, "Abiria wamekataa." Umemsaidia pia yeye.

Na kama wewe ndio dere na uko na miaka 22, umepewa gari ya abti yako na unaogopa kuonekana mwoga, sikia: maji hushuka. Leo yasiposhuka, kesho. Mama atakasirika ukichelewa, atakuwekea chakula kikiwa baridi, na utakula.