Ugomvi wa Washirika Hauzuii Siku ya Kodi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukweli wa neno hilo huonekana hasa pale watu wawili waliofanya biashara pamoja wakosanapo, na siku ya kupeleka taarifa ya kodi inakaribia.

Katika Kenya, ushirika wa biashara wenyewe hautozwi kodi ya mapato. Ushirika hupeleka taarifa ya hesabu zake kwa Mamlaka ya Mapato, kisha kila mshirika hutozwa kwa fungu lake, naye hupeleka taarifa yake mwenyewe. Kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu huisha 31 Desemba, siku ya mwisho ni 30 Juni. Basi washirika wasipopatana juu ya mafungu, taarifa zote huharibika.

Tuseme watu wawili wana kinu cha kusagia mahindi. Mmoja ni karani mjini, naye ndiye aliyetoa fedha za mashine. Wa pili hushinda kinuni, na walipatana kwa mdomo apewe mshahara wa Sh. 10,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha, faida kabla ya kuondoa mshahara ni Sh. 600,000. Karani ataka wagawane sawasawa, Sh. 300,000 kila mtu. Mwenzake asema mshahara ni gharama ya kinu kama mafuta ya mashine, wala usihesabiwe katika mapato yake.

Wote wawili wamekosea. Sheria ya Kodi ya Mapato huhesabu mshahara wa mshirika kuwa mapato ya mshirika huyo. Kwa hiyo huondolewa kwanza Sh. 120,000, na zile 480,000 zilizobaki hugawanywa. Mapato ya karani ni Sh. 240,000, na ya mwenzake ni Sh. 360,000.

Lakini karani aweza kukana kwamba hapakuwa na mapatano ya mshahara, na hapo hapana karatasi ya kumsuta. Wafanyeje? Kwanza, wasiingoje hukumu. Mtu binafsi akichelewesha taarifa hutozwa Sh. 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo, na kodi isiyolipwa huzaa riba ya asilimia 1 kila mwezi. Yafaa wapeleke taarifa kwa wakati, kwa kadiri madaftari yaonyeshavyo. Wakipatana baadaye kwa namna nyingine, waweza kuomba taarifa irekebishwe.

Pili, madaftari yote na risiti zikabidhiwe mtu mmoja mjuzi wa hesabu, ambaye wote wawili wamemkubali, na kila mmoja apewe nakala. Sheria yataka kumbukumbu hizo zihifadhiwe miaka 5. Mshirika azifungiaye sandukuni kwake kwa hasira ajidhuru mwenyewe pia.

Tatu, shauri lenyewe lipelekwe kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Katiba ya mwaka wa 2010 yahimiza njia hiyo, nayo kwa kawaida hula fedha kidogo kuliko kesi.

Wakiisha kupatana, waandike: mtaji wa kila mmoja, mshahara, mafungu ya faida na hasara, na ni nani atakayepeleka taarifa. Kisha watie sahihi mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo moja, kama ingaliandikwa siku kinu kiliponunuliwa, ingaliwaokoa na fitina yote.