Mzee Anaposahau: Kinachotokea Ubongoni na Hukumu Zake



Katika Suratun-Nahl, aya ya 70, Allah Anatukumbusha kuwa wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhalili, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Ni lipi linalotokea katika ubongo wa mzee huyo, na sisi watoto wake tunawajibika nini?

Protini zinapoharibika

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yake. Seli zinapoitumia oksijeni kupata nguvu, hubakia chembe kali ziitwazo radikali huru. Chembe hizi huzishambulia protini, na protini ikipoteza umbo hupoteza na kazi yake, mfano wa ufunguo ulioliwa na kutu: upo, lakini haufungui.

Ujanani, seli huzima chembe hizo na kuzivunja protini mbovu. Umri ukienda, usafi huo hupungua na taka hujikusanya. Kwa wenye maradhi ya Alzheimer, yaliyoelezwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, uharibifu huu umekutwa kwa wingi zaidi, hasa kwenye sehemu za kumbukumbu. Wataalamu wangali wakijadili kama huo ndio chanzo au ni matokeo ya maradhi.

Je, vidonge vinasaidia?

Katika utafiti mmoja, wanaume zaidi ya 7,000 walipewa vitamini E, seleniamu, vyote viwili au vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionesha kuwa havikuzuia maradhi ya kusahau. Basi tahadhari na anayekuuzia chupa kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu. Lenye manufaa zaidi ni kudhibiti presha na kisukari, kuacha sigara na kuushughulisha mwili.

Hukumu zake

Swala: Imethibiti katika Hadithi kuwa kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Akizindukana ndani ya wakati, ataswali. Akisahau rakaa, akumbushwe kwa upole.

Funga: Mzee mwenye akili asiyeweza kufunga hutoa fidya. Ambaye akili zimeondoka kabisa, hana funga wala fidya.

Zaka: Katika madhehebu ya Imamu Shafi, zaka ya mali yake haidondoki, msimamizi wake ataitoa.

Mali: Kuuza, kutoa zawadi au kuusia baada ya akili kuondoka hakusihi. Anayemshika mzazi wake kidole gumba na kukibandika kwenye hati ya shamba anakula mali kwa batili na kuwadhulumu ndugu zake. Dalili zikianza, mzee apelekwe hospitali mapema, na wosia uandikwe mbele ya mashahidi akili ingali timamu.

Ndugu Muislamu, mzazi akikuuliza jambo lile lile mara ya kumi, hakukusudia kukuudhi. Suratul-Israa, aya ya 23, imetukataza kuwaguna wazazi wafikapo uzeeni, na huu ndio wakati wenyewe. Mjibu kama ulivyojibiwa ulipokuwa mdogo.

Wallahu a‘lam.