Kifua Kinatetemeka Kama Simu Iko Vaibreti? Usipige Nduru ICU, Soma Hii Kwanza

Tangu corona itupige 2020, kila msee mtaani anajua ventileta. Lakini wengi tulibaki na picha moja tu kichwani: mashine inasukuma hewa, mgonjwa anapona. Sasa shika hii: hewa yenyewe inaweza kumuumiza.

Iko hivi. Mapafu yako yana mamilioni ya vifuko vya hewa. Mtu akipata nimonia kali ama akivuta moshi kwa nyumba inayoungua, vingine vinajaa maji na vingine vinasinyaa. Vilivyobaki fiti ni vichache. Sasa ukimwaga hewa nyingi, yote inakimbilia hivyo vichache, vinavutwa mpaka vinaumia. Na vile vilivyosinyaa, vikifunguka na kufunga kila pumzi, navyo vinazidi kuchubuka. Noma.

Hii si stori ya kijiweni. Mwaka 2000 madaktari Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 861. Nusu walipewa pumzi za kawaida za enzi hizo, mililita 12 kwa kila kilo. Wengine wakapewa 6. Kwa kundi la pumzi kubwa walikufa karibu asilimia 40, kwa ndogo 31. Na kilo zenyewe zinahesabiwa kwa urefu wako, si kwa mizani, juu ukinenepa na nyama choma mapafu hayanenepi na wewe. Kwa hivyo ukiskia daktari anasema mzee wako anapewa hewa isiyofika hata nusu lita, usidhani anabaniwa.

Basi wasee wakafikiria: kama ndogo ni poa, si tupunguze kabisa? Ndio zikaja mashine za kasi, zinapuliza vipumzi vidogo sana mara mia kadhaa kwa dakika. Wewe hapo unapumua kama mara 15 hivi. Kwa karatasi ilikaa tamu. Halafu 2013 matokeo mawili yakatoka kwa mpigo. Uingereza, haikusaidia kitu. Ile iliyoongozwa na Wakanada ilisimamishwa mapema: kwa mashine ya kasi walikufa asilimia 47, kwa ile ya kawaida 35. Kwa watu wazima wengi, hiyo njia ikaishia hapo.

Lakini kuna njia ya tatu, na mimi naona ndiyo tamu zaidi kuelewa: kuunganisha zote mbili. Kwa watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, kuna mashine ya kasi inayopiga vipumzi kama 420 kwa dakika, na ventileta ya kawaida imeungwa kwa bomba hilo hilo. Ya kasi inatoa kaboni dayoksaidi bila kuvuta mapafu. Ya kawaida inashikilia presha ili vifuko visifunge, na mara moja moja inaleta pumzi kubwa kiasi ya kuamsha vilivyolala. Moja ikikosa, nyingine haitoshi.

Kwa walioungua na kuvuta moshi, kuna mashine ya Forrest Bird, yule rubani Mmarekani aliyegeukia kutengeneza mashine za kupumua. Hii inapanga vipumzi vya kasi juu ya pumzi ya polepole, na ule mtikisiko unasaidia kung'oa makohozi na masizi. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa 62 wa moto Marekani. Wachache zaidi walihitaji kubadilishiwa mashine ya dharura. Vifo? Hakuna tofauti. Kwa hivyo mtu asikuuzie kama muujiza.

Sasa siku ukiingia wodi ya watoto ICU upate kifua cha mtoto kinatetemeka hivyo, tulia. Hiyo ndiyo kazi ya mashine. Cha kukushtua ni kikiacha kutetemeka ghafla, ama upande mmoja tu ukinyamaza. Bomba linaweza kuwa limeziba au limesonga. Hapo ita nesi, na uite kwa sauti.