Buibui Mkubwa wa Shimoni

Mtu wa Kakamega akimwona buibui mkubwa mwenye manyoya ukingoni mwa shamba, jambo la kwanza huwa ni kuinua jembe. Hofu hiyo si ya bure, kwani buibui huyo ana meno marefu yenye sumu; lakini sumu yenyewe haina nguvu kama inavyosimuliwa barazani.

Buibui wa jamii hii katika Afrika huitwa na wataalamu buibui-nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao hufanana na vidole vya nyani. Aliye mashuhuri zaidi katika Kenya na Tanzania alipewa na wataalamu, mwaka 1885, jina la Pelinobius muticus. Yeye hupenda nchi kavu yenye majani na vichaka kuliko msitu wa mvua nyingi kama ule wa Kakamega. Miguu yake ikinyoshwa, upana wake huweza kufika sentimeta 20. Ile ya nyuma ni minene, nayo humsaidia kuchimba. Jike hukaa shimoni karibu maisha yake yote, naye huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume, maskini, hufa muda mfupi baada ya kupevuka. Usiku hungoja mlangoni mpaka mende au panzi apite. Akichokozwa huinua miguu ya mbele na kutoa sauti ya kukwaruza, mfano wa nyoka anayefoka. Huko ndiko kuonya kwake, na mwenye busara hurudi nyuma.

Akiuma, maumivu huwa makali na mahali pale huvimba. Hata hivyo hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kuwa kimeletwa na sumu yake.

Hatari kubwa ni kukosea. Mtoto ametia mkono shimoni, ameumwa, hakuona kitu, jirani asema, "Ni buibui tu." Kumbe huenda ni nyoka, na katika msitu wa Kakamega wamo swila na nyoka wa jamii ya kifutu ambao sumu yao huua. Basi aliyeumwa na asichokiona ahesabiwe kuwa ameumwa na nyoka. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, na abebwe upesi hospitalini. Asichanjwe kwa wembe, jeraha lisinyonywe, wala kamba isifungwe. Iwapo buibui ameonekana waziwazi, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, na mgonjwa apelekwe zahanati apewe dawa ya maumivu.